Barua ya wazi: Tunaomba picha kabla, na picha baada

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia utafiti, usajili na uuzaji wa dawa za asili,
Tanzania.

YAH: DAWA ZA MITISHAMBA ZINAZODAIWA KUYEYUSHA MAWE YA FIGO

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Tanga. Kazi yangu ni kupima damu na mkojo, na mara nyingi fuwele za mawe naziona mimi kwenye hadubini kabla mwenye figo hajajua kinachomsubiri. Suala hili nililipeleka kwanza kwa njia za kawaida. Nilizungumza na wahusika kwa mdomo, nikaandika barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikaandika nyingine ya kukumbushia. Nilichojibiwa ni kwamba "linafanyiwa kazi". Chupa zilezile bado zinauzwa kwa maneno yaleyale, kwa hiyo naomba sasa tuzungumze mbele ya watu.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya: sipingi mitishamba. Dawa mseto tunayomeza tukiugua malaria ina artemisinini, iliyotolewa kwenye mmea wa jamii ya pakanga, na mtafiti wa Kichina Tu Youyou akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2015. Wamisri walitumia mmea wa khella kwa maumivu ya mawe ya mkojo tangu zamani sana. Ndani yake kuna khelini, inayolegeza misuli ya mirija, na kwa kuichunguza wataalamu walipata njia ya kutengeneza dawa ya pumu na dawa ya mapigo ya moyo. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna mti porini Handeni unaosaidia figo, simcheki. Namuuliza umepimwaje.

Na hapa kwetu vyombo vya kupimia tunavyo. Muhimbili kulianzishwa kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974, ambacho leo ni taasisi kamili ya chuo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002. Kila tarehe 31 Agosti tunaadhimisha Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika kwa hotuba na maonesho. Pamoja na hayo yote, anayeamua dawa ipi inayeyusha jiwe la figo ni mwenye spika juu ya gari. Kero zangu ni hizi.

1. Maneno yaliyo kwenye chupa.

Ninayo moja mezani ninapoandika. Ni chupa ya nusu lita, zamani ilikuwa ya maji ya kunywa, alama ya kampuni ya maji bado inasomeka kwenye kifuniko. Maji yake ni ya kahawia, na chini kuna tope la unga. Karatasi iliyobandikwa inasema: "Huyeyusha mawe ya figo ya aina zote ndani ya siku 7." Chini yake orodha inaendelea: UTI sugu, ngiri, mgongo, nguvu za kiume, uzazi. Kipimo ni "vikombe 2 vidogo". Jina la mmea halipo, tarehe ya kutengenezwa haipo, wala hakuna onyo kwa mjamzito au kwa mwenye figo moja.

"Aina zote" ndiyo inayonikera kuliko yote. Mawe mengi ya figo ni ya kalsiamu, hasa kalsiamu oksaleti, ambayo fuwele zake kwenye hadubini zinaonekana kama bahasha ndogo zilizofungwa. Jiwe la namna hiyo likishakomaa, hakuna dawa ya kumeza inayojulikana popote duniani ya kuliyeyusha. La asidi ya yuriki linayeyuka, ndiyo, mkojo ukipunguzwa ukali wa asidi kwa dawa kama sitreti ya potasiamu. Lakini mkojo huohuo uliopunguzwa asidi ndio mazingira yanayopendwa na mawe yanayoletwa na maambukizi, na hayo yanazidi kukua. Kinachomponya mmoja kinaweza kumuumiza mwenzake aliyeketi naye benchi moja. Chupa haijui imeingia kwa nani, na aliyeiuza hakuuliza.

2. Ushuhuda uliogeuzwa kuwa kipimo.

Jiwe lisilozidi milimita 5 lina nafasi kubwa ya kutoka lenyewe. Karibu theluthi mbili ya mawe hayo hutoka bila mtu kufanyiwa lolote zaidi ya maji na dawa ya maumivu. Sasa chukua chupa ya maji ya muarobaini, au hata ya chai ya rangi, uwape watu kumi wenye vijiwe vidogo. Utapata mashahidi sita au saba, wote wakweli, wote tayari kushika maikrofoni. Wale watatu au wanne waliobaki hawapewi maikrofoni.

Kuna kundi jingine, la waliopona mawe ambayo hawakuwahi kuwa nayo. Mtu anashikishwa kifimbo cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, dakika moja baadaye inatoka ripoti ya kurasa nyingi: figo zina mawe, ini limechoka, mishipa imeziba. Hakuna ultrasaundi, hakuna hata tone la mkojo. Ananunua dozi ya miezi 3, anarudi kwenye kifimbo kilekile, kinamwambia mawe yamekwisha. Waheshimiwa, mmewahi kukiona kifaa hicho? Kipo kwenye vyumba vya kupanga karibu na kila stendi.

3. Maumivu kuisha si jiwe kuisha.

Hii ndiyo iliyonifanya niandike, na naomba mniruhusu niieleze kwa urefu.

Fundi seremala mmoja, mtu wa makamo, alikuja na maumivu makali ya ubavu wa kushoto. Ultrasaundi ilionyesha jiwe la milimita 14 limekwama pale mrija unapoanzia kutoka kwenye figo, na figo imeanza kuvimba kwa mkojo usiopita. Akaandikiwa rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo, mkoa mwingine. Rufaa aliikunja akaitia mfukoni, akaenda kununua chupa. Simlaumu. Nauli, malazi, kazi za watu zilizolala karakana, na mtu anamwambia hapa hapa mtaani jiwe linayeyuka kwa siku 7.

Baada ya wiki kadhaa maumivu yakapungua, kisha yakakoma. Akawa anasimulia kila mahali. Aliyemuuzia akamrekodi kwenye simu, sauti yake ikawa inachezwa kwenye spika.

Miezi ilipita. Akaletwa na mkewe akiwa na homa na kutetemeka. Kreatinini yake, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, niliipima mwenyewe, ikatoka ndani ya kiwango cha kawaida, na hilo halikunishangaza: figo ya kulia ilikuwa inafanya kazi ya figo mbili. Ultrasaundi ndiyo iliyosema kweli. Jiwe lilikuwa palepale lilipoachwa. Figo ya kushoto ilikuwa imebaki mfuko mwembamba wa ngozi uliojaa mkojo na usaha. Mwisho wake ilitolewa.

Mkewe aliuliza swali moja tu pale dirishani kwangu: "Lakini si maumivu yalikwisha?" Yalikwisha, mama. Jiwe likiziba pole pole kwa muda mrefu, figo huacha kusukuma, na ikiacha kusukuma haiumi tena. Ukimya huo ndio hatari yenyewe, na ndio huohuo unaotangazwa kama uponyaji. Sauti ya fundi iliendelea kuchezwa mtaani hata yeye akiwa wodini.

4. "Ya asili, haina madhara."

Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipunguza unene kwenye kliniki moja ya Brussels walipewa vidonge vya mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umechanganywa kimakosa na mwingine wenye asidi ya aristoloki. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo, na baadaye baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kosa lilikuwa la jina la mmea tu. Chupa yangu ya kahawia haina hata jina la kukosea.

Mfano wa karibu zaidi ni birimbi, lile tunda lenye uchachu. Hakuna nyumba Tanga au Pemba isiyoijua, kwenye achari na kwenye mchuzi wa samaki, na hapo haina neno. Lakini huko Kerala, India, mwaka 2013 madaktari waliripoti wagonjwa 10 waliokunywa juisi nzito ya birimbi kama dawa, figo zao zikashindwa kufanya kazi ghafla kwa kujaa oksaleti. 7 kati yao walihitaji kusafishwa damu kwa mashine. Oksaleti, ndiyo hiyohiyo inayotengeneza mawe. Nami nimeiona juisi ya birimbi ikiuzwa hapa hapa kwa jina la kisafisha figo.

5. Mimea inayostahili kupimwa imeachwa.

Hili ndilo linaloniuma kama mtu wa maabara, maana huku ndiko kwenye matumaini. Kuna gugu dogo la jamii ya Phyllanthus linaloota kwenye mashamba na kando ya kuta zetu, majani yake madogo yamejipanga kwa safu na vitunda vyake vinaning'inia chini ya tawi. Ndugu yake, Phyllanthus niruri, Wabrazili wanamtumia kwa mawe tangu enzi na enzi. Hawakuishia kusimulia. Watafiti wa São Paulo walionyesha maabara kwamba maji yaliyochujwa kutoka kwenye mmea huo yanazuia fuwele za oksaleti zisiingie kwenye seli za figo. Mwaka 2009 serikali yao iliorodhesha mimea 71 ya kupewa kipaumbele cha utafiti kwa ajili ya hospitali za umma, na jamii hiyo ikawemo.

Italia nao wakaipima kwa wagonjwa 150 ambao mawe yao yalishapasuliwa kwa mashine ya mawimbi. Nusu walipewa gramu 2 kwa siku kwa miezi 3, nusu hawakupewa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006. Kwa ujumla tofauti haikuwa ya kutegemea, ila kwa mawe yaliyokuwa sehemu ya chini ya figo, ambako vipande hugoma kutoka, waliokunywa walifanya vizuri zaidi. Angalieni jinsi jibu la kweli lilivyo dogo na lilivyo na faida: mmea haujavunja jiwe, mashine ndiyo iliyovunja, mmea huenda ulisaidia kufagia. Daktari anaweza kulifanyia kazi jibu kama hilo. Ila la kwao ni niruri, na la kwetu kwa kawaida ni Phyllanthus amarus, kwa hiyo hata hilo hatuwezi kuliazima mpaka tulipime letu.

Habasoda je? Iran waliwagawa wagonjwa 60, wengine wakapewa vidonge vya habasoda miligramu 500 mara 2 kwa siku kwa wiki 10, wengine vidonge bandia, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapewa nini. Waliotoa mawe upande wa habasoda walikuwa wengi zaidi. Utafiti ulitoka mwaka 2019. Ni mdogo, hautoshi, unahitaji kurudiwa, na sioni sababu usirudiwe Zanzibar au Tanga ambako habasoda iko kwenye kila kabati la jikoni.

Ndimu na limau zina sitreti, inayozuia fuwele zisishikane. Hata hivyo Waitalia walipowapa wagonjwa 203 mililita 60 za juisi ya limau mara 2 kwa siku kwa miaka 2, wengi walichoka kunywa njiani na faida ikafifia. Hilo nalo ni jibu.

Na kinachoshinda chupa zote ni maji. Mwaka 1996, Italia hiyohiyo, watu 199 waliopata jiwe kwa mara ya kwanza walifuatiliwa miaka 5. Walioongezewa maji mpaka mkojo ukafika lita 2 kwa siku, 12 kati ya 99 walipata jiwe tena. Ambao hawakuongezewa, 27 kati ya 100. Dereva wa basi la Tanga–Dar anayejinyima maji asisimame njiani angehitaji kuambiwa hili kwa spika, si lile lingine.

Waheshimiwa, nayajua majibu yatakayokuja.

Mtasema dawa hizo zimesajiliwa. Sampuli ikipelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali huchunguzwa usalama wake. Ni kazi njema. Lakini kutokuwa na sumu hakuna uhusiano na kuyeyusha jiwe, na mitaani karatasi ile inageuzwa kuwa tangazo: "imethibitishwa". Imethibitishwa nini? Hapo ndipo mlipotakiwa kuwasahihisha.

Mtasema hakuna bajeti. Utafiti ninaouomba hauhitaji jengo. Unahitaji wagonjwa wenye vijiwe visivyozidi milimita 10 na visivyoziba mkojo, kibali cha maadili, ultrasaundi ambazo hospitali nyingi za wilaya tayari zinazo, na msomaji wa picha asiyejua nani kanywa nini. Kila mgonjwa apewe chujio la chai la kukojolea, kijiwe kikitoka kiletwe maabara kichunguzwe ni cha aina gani. Kundi moja linywe mmea, jingine kinywaji kinachofanana nao, yote mawili yanywe maji ya kutosha. Basi.

Mtasema waganga hawatatoa siri zao. Wengine hawatatoa, na wana sababu, maana wameshuhudia elimu zao zikichukuliwa bila hata asante. Waandikieni mkataba wa mgawo wa faida kabla hamjachukua jani la kwanza. Mganga anayeiamini dawa yake atakuja. Asiyekuja naye ametupa jibu.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu: kwamba mwananchi hana uwezo wa kwenda kwa bingwa, na chupa ndiyo anayoimudu. Ni kweli kabisa. Mashine za kupasulia mawe ziko hospitali chache, na foleni zake ni ndefu. Ila fundi wetu alinunua chupa kwa miezi, kisha akalipia upasuaji mkubwa kuliko ule aliokuwa anaukimbia. Umaskini wa mgonjwa ni sababu ya kupeleka huduma karibu. Hauwezi kuwa kibali cha kumwuzia neno "huyeyusha".

Na asije mtu akaniambia kwamba kuuliza maswali haya ni kuutukana urithi wetu. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500, na kuna wagonjwa waliotoka wodini kwenda huko. Bibi zetu walikuwa na adabu zaidi ya hapo: walikupa dawa, na usipopata nafuu wakakuambia nenda kwa mwingine.

Tunachoomba ni hiki. Neno "huyeyusha mawe ya figo", na mengine ya maana hiyo, liondolewe kwenye chupa, redio, spika na mitandao mpaka mwenye dawa alete picha za ultrasaundi za kabla na za baada, zilizosomwa na mtu asiye na hisa kwenye dawa hiyo. Kila chupa iandikwe jina la mmea, sehemu iliyotumika, tarehe na onyo: mwenye homa, mwenye figo moja, mjamzito, au asiyepata mkojo aende hospitali siku hiyohiyo. Vile vifimbo vya kupimia vikaguliwe hadharani na matokeo yatangazwe. Ichaguliwe mimea isiyozidi mitatu, nami ningeanza na Phyllanthus yetu na habasoda, ifanyiwe utafiti wa kweli, na matokeo yachapishwe kwa Kiswahili hata yakiwa mabaya. Kila mtoa huduma wa tiba asili aliyesajiliwa apewe utaratibu wa maandishi wa kumpeleka mgonjwa wa mawe kwenye ultrasaundi kabla ya kumpa chochote. Wengi wao ni watu waungwana na watalipokea hili. Nimezungumza na baadhi yao na walinishangaza kwa jinsi walivyochoshwa na wauza chupa kuliko nilivyochoka mimi.

Naomba majibu ya maandishi kabla ya maadhimisho ya tarehe 31 Agosti, ili siku hiyo tuwe na la kuonyesha kwenye meza za maonesho. Chupa nilizohifadhi, pamoja na karatasi zake, niko tayari kuzikabidhi kwa afisa yeyote atakayekuja na barua ya utambulisho.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mteknolojia wa maabara,
Tanga.

Nakala:
Wabunge wa mkoa wetu
Vyama vya waganga na matabibu wa tiba asili
Wahariri wa magazeti na redio zinazorusha matangazo hayo